Uga

Wanauita uga. Uga wa sumaku.
Mimi uga niujuao ni huu wa nyuma ya nyumba,
wenye kamba ya nguo na lango linalolia:
ukiingia, unajua umeingia.

Binti wa utafiti ameketi, kalamu tayari.
Torgeir alifanya kazi ukumbi upi?
Wa pili.
Miaka mingapi?
Ishirini na tisa.
Alisimama umbali gani na matanuri?
Mwanangu, alisimama palipokuwa na kazi.

Fomu yake ina miraba.
Hakuna mraba wa saa ya harusi
iliyomfia mkononi wiki ya kwanza,
ikabaki saa kumi na dakika saba,
na fundi wa mjini akacheka: mwingine tena!
Wala wa vibanio vya karatasi
walivyovisimamisha kiganjani wakati wa chakula,
kimoja juu ya kingine, bila gundi, bila uzi,
wakiwekeana dau nani atajenga mnara mrefu.
Torgeir alifika kumi na kimoja.
Alirudi ananionyesha kwa vidole,
kidole kimoja akaazima changu.

Kisha damu.
Akamuuliza daktari: damu si ina chuma?
Je, haikuvutwa?
Daktari alitabasamu, si kwa ubaya.
Chuma cha damu si chuma cha msumari.

Binti ananieleza taratibu:
mlikuwa na moshi wa lami pia, na vumbi,
na sigara zake, na bahati tu.
Nani atamtambua mwizi mmoja
katika nyumba iliyolala milango wazi?
Huenda hatari iliongezeka kidogo.
Huenda haikuongezeka.
Neno hilo analibeba kwa mikono miwili
kama bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni.
Nampenda kwa hilo.
Mtu wa kiwandani alisema "hakuna"
akiwa bado amesimama mlangoni, na koti lake.

Usilolijua ni usiku wa giza, husemwa.
Huku kwetu Juni haina usiku.
Saa sita, jua liko juu ya maji ya fyodi,
naona kila jani, kila msumari wa ua,
na bado silijui.

Ameondoka. Kibanio cha fomu amekisahau mezani.
Nakiweka kiganjani, nanyoosha mkono
kuelekea kiwanda, ng'ambo ya maji.

Nasubiri.

Kimelala.