Chujio la Unga wa Chuma

Yalikuja mawili ndani ya boksi la misumari,
yamefungwa gazeti: moja la shaba nyeusi,
moja la pua, kijivu, zito kama neno la mdai.

Ukiyashika utasema ni vyuma vizima.
Weka mdomoni, puliza:
pumzi inapita.
Ni unga uliochomwa, ukaepuliwa kabla haujayeyuka,
punje zikashikana mabega
zikaacha vijia visivyoonwa na jicho.

Muuzaji alisifia shaba. Bei nafuu.
Mhasibu akaitikia sentensi haijaisha.

Somoe hakusema. Miaka kumi na mmoja
alibangua korosho Newala, kwa mkono;
vidole vyake havina alama za kuwekea dole gumba,
mafuta ya ganda yalishazila.
Akalichukua lile la shaba, akalitosa
katika sufuria ya mafuta yaleyale, ya moto,
akaenda zake kulala.

Asubuhi, hapa Masasi, king'ora hakijalia,
mafuta yalikuwa na ukijani wa maji ya mtaro.
"Linachuja kweli," akasema,
"kama khanga ya mnadani."

Basi tukachukua pua.
Na tundu? Mikroni tano iliziba kabla ya chai.
Hamsini ilipitisha mchanga, pampu ikasaga meno.
Ishirini, tukakubaliana,
na mvuke wa kulipuliza kinyumenyume kila zamu,
maana chujio nalo hushiba,
na lisilotapika hufa.

Lile la shaba lipo mezani kwa mhasibu.
Linakandamiza risiti.