Dirisha la Bima, Lamu

Weka tena, nasema. Sipandishi sauti.
Mashine yalia mara moja, kisha yanyamaza.
Mbeyu wa Maweni apangusa dole gumba kwa ncha ya leso,
alitemea mate kidogo, abonyeza.

Miaka kumi na tisa ya kupasua kokoto
imeisaga mistari yake yote:
kidole laini kama kigae
kilicholambwa na bahari.

Amelipa. Naona hapa: Januari, Februari,
hata ule mwezi mvua ilipofunga machimbo.
Michango ipo.
Mwenyewe ndiye hayupo.

Mgongoni mwake mjukuu apumua kwa mluzi,
vumbi la matumbawe limemkaa kifuani,
vumbi la mawe yale yale
yaliyosimamisha majumba ya wageni kule Shela.

Jaribu cha kushoto. Jaribu cha mwisho.
Foleni yaguna hadi mlangoni.

Anyoosha viganja vyote viwili dirishani,
kovu juu ya kovu,
na aniuliza bila hasira, kama aulizaye njia:
“Mwanangu, wewe huwezi kusoma?”

Kwenye kioo cha mashine limebaki vumbi jeupe.
Sijalifuta.