Mto, Kisha Nyota

Mkuu anataka orodha kabla ya saa mbili usiku.
"Ramani zote za mto," kasema, "zote,
mvua haimsubiri mtu wa kompyuta."
Ilala inanyeshewa tangu adhuhuri,
bati la kantini linachapwa kama lina deni,
na mimi nimekaa mbele ya mafaili elfu tisa
aliyoyaacha Mwaluko alipostaafu,
kila moja kalibatiza kwa jinsi alivyoamka siku hiyo:

kigogo_mwisho
kigogo_mwisho_kabisa
kigogo_mwisho_kabisa_hii_ndiyo

Jangwani bila mwaka. Mwaka bila Jangwani.
Tandale kwa herufi kubwa, tandale kwa ndogo,
na mashine, ambayo haijawahi kupimiwa mchele pale sokoni,
inaapa kwamba hiyo ni mitaa miwili.

Ruwaza alinifundisha yeye, kwa kidole chenye wino.
Alama ya kuuliza humeza herufi moja, basi, inashiba.
Nyota haina adabu:
humeza neno zima, humeza hata pasipo na kitu.
"Ukiiandika peke yake," alisema,
"umesimama Kariakoo ukaita: wewe!"

Nikaandika mto, kisha nyota.

mto_kizinga
mto_msimbazi_karavati
mto_msimbazi_kingo
mto_ngombe
(alama ya ng' aliitupa; mashine humkwama kooni)

halafu zikaja zisizoalikwa,
mtongani_mabomba, mtoni_kijichi_viwanja,
zimeketi mkekani kama ndugu wa bwana harusi.
Sikuzifukuza. Herufi tatu za mwanzo ni zao pia.

Na chini kabisa, ya mwisho:

mtoto_njia_ya_shule

Miaka sita, meza moja, birika moja la chai,
sikujua kama ana mtoto.

Nikalifungua.
Mstari mmoja mwekundu unaanza Kigogo, mlango wa bluu,
unalikwepa karavati,
unapanda kwa fundi cherehani,
unazunguka mbali, mbali mno kwa miguu mifupi,
ndipo unashuka Mburahati mbele ya geti.
Na pembeni, maandishi madogo:
Hapa mshike mkono.
Hapa maji hufika kabla ya sauti yake.
Hapa, ngazi ya tatu isipoonekana, rudini nyumbani.

Nikaipekua ile ngazi katika ramani za ofisi,
zenye mihuri, zenye vipimo, zenye saini tatu.
Haimo.

Ningeweza kuongeza alama mbili tatu kwenye ruwaza
mtoto akatoka, mito ikabaki.
Kidole kilikwenda mpaka kwenye kitufe.

Saa moja na dakika hamsini nimetuma.
Ramani thelathini na saba.
Mkuu akipiga simu kuuliza
hii ya mtoto inatafuta nini humu,
nitamjibu kikazi, bila kutikisa sauti:
isome tena, bosi, taratibu.
Imeanza na mto.