Machi Inapita Tena

Faili lilikuja na basi la asubuhi kutoka Isongole,
ndani ya flashi, flashi ndani ya soksi,
soksi ndani ya mfuko wa viazi.
Ipyana alinipigia: "Usimwage kabla hujapapasa."
Hivyo ndivyo kichwa cha Bi Tumwitikege
kilivyoshuka Mbeya mjini, kwa nauli ya kifurushi.

Dakika ishirini na mbili. Chaneli nane.
Sampuli mia mbili na hamsini kila sekunde,
zilizovunwa Machi, mvua ikitwanga bati la zahanati,
kwa kofia tuliyoishona wenyewe hapa Mwanjelwa
na jeli ambayo Ipyana anakiri aliizidisha chumvi.

Programu imezoea kichwa chenye joto.
Inauliza: chanzo cha mawimbi?
Nachagua *faili*, nayo haibishi.
Haiulizi kama mtu huyu yupo, kama amekula,
kama leo ni Machi au Juni hii inayong'ata masikio.
Inafungua mlango tu, kama jirani
anayepokea salamu bila kujali zilitumwa lini.

Mara ya kwanza mshale ulikwenda kulia
kila alipoambiwa kushoto.
Nikalaani ubongo, nikalaani kofia,
kumbe safu ya tatu imekalia kiti cha ya nne,
kama mtoto aliyevaa malapa kinyume.
Nikazivua. Nikazivisha upya.

Mara ya pili nilisahau kichujio,
hezi hamsini za umeme zikavuma juu ya kila wazo.
Mara ya tatu umeme wenyewe ukakatika.
Nilikaa na koti gizani, Loleza haionekani kwa ukungu,
nikisubiri mwanamke aliyesimama katikati ya neno.

Mara ya nne, sawa.

Aliambiwa: waza unachuma pareto kwa mkono wa kushoto,
ule ambao kiharusi kiliulaza mapajani
tangu mwaka juzi.
Na mshale ukasogea.
Ukayumba, ukarudi, ukasogea,
ua moja,
ua jingine.
Dakika ya nne kuna mlima mrefu kuliko skrini.
Daftari la Ipyana linasema: *alicheka*.

Usidhani amekufa.
Kila niliyemwonyesha ameshusha sauti,
akauliza msiba ulikuwa lini.
Yu hai. Jana tu alimgombeza mkwewe
kwa makande yaliyoiva nusu.

Lakini dakika ya kumi na moja inaninyima usingizi.
Daftari: *mapumziko, asiwaze chochote*.
Na mshale unakwenda kushoto. Kushoto. Kushoto.
Dokta Mwasenga anasema hizo ni kelele, kata.
Nimeweka mkasi juu ya sekunde zile arobaini
na kuuondoa, mara mbili.
Nani aliwahi kumwambia mchuma pareto apumzike,
naye akatoka shambani papo hapo?

Kinachonisumbua si kwamba anarudiwa.
Ni kwamba haoni.
Mshale ukipotea njia, mwenye kofia kichwani
angekunja uso, angeuvuta arudi nao;
huyu wa Machi anaendelea na tuta lake,
hajui kama amekosa au amepata,
na mimi huku naisukuma meza kwa goti
kana kwamba mkono wake utahisi.

Faili likiisha linaanza tena, ndivyo nilivyoliamuru.
Mvua ileile. Kicheko kilekile, mlima uleule.
Ukutani ni saa nne usiku,
ndani ya faili ni saa tatu asubuhi
na chai ya zahanati haijapoa.

Nikampigia Ipyana.
"Bi Tumwitikege anafanya nini sasa hivi?"
"Amelala, tangu saa mbili. Kwani vipi?"
Niliutazama mshale.
"Hamna kitu," nikasema. "Anachuma."