Picha Mbichi

Beinta amefungua faili lilelile mara tatu,
Klaksvík, mvua ikipiga dirisha la jikoni.

Programu ya kwanza yataka kodi kila mwezi, kama mwenye nyumba;
imempaka marehemu baba mashavu ya chungwa.
Ya pili ni ya bure. Theluji imekuwa kijani,
na kitabu cha maelezo ni kirefu kuliko msiba.

Ya tatu, ya kununua mara moja,
haijamremba. Imemwacha gizani, mlangoni pa zizi,
kisu mkononi, kondoo nyuma yake.
Anavuta kivuli kidogo, nukta mbili tu,
na jicho la kushoto linatokea,
lile lililozoea kucheka kabla ya mdomo.

Analipa.
Ile mbichi haigusi.