Peni Nne

Saa nne usiku, Rochdale, mvua yao ileile,
nasukuma mashine ya kufyonza vumbi
kutoka chumba cha saa mbovu hadi chumba cha pamba.
Ndani ya kabati la kioo kuna gazeti la miaka mia mbili,
rangi ya chai iliyopoa,
na pembeni muhuri mwekundu, kama kovu la chanjo.

Peni nne, yasema kadi. Kodi ya kila nakala.
Naisoma polepole, kwa kidole,
maana kusoma nilijifunzia hapahapa,
nikiwa na miaka thelathini na sita,
maktaba ya mtaani, Jumanne jioni.

Kumbe hawakuyachoma.
Karatasi ikichomwa, moshi huonekana mbali.
Walipandisha bei, wakarudi mezani kunywa mvinyo,
mfumaji akapiga hesabu mwenyewe:
gazeti, au uji wa watoto?
Akachagua uji. Nani angemlaumu?
Kisha wakasimama bungeni wakasema:
hawa hawajui kitu, kura wapewe za nini?

Kadi inamtaja Jabez Whitworth,
aliyeuza karatasi zisizo na muhuri,
akizificha chini ya viazi. Miezi sita gerezani.
Mkewe haimtaji. Mimi nimempa jina, Keziah,
kwa sababu viazi vile lazima kuna aliyevibeba.

Keziah hakujua alifu wala ba.
Lakini kiwandani, mitambo mia ikinguruma,
wanawake walisemezana kwa midomo mitupu,
na yeye aliisoma midomo
kama karani asomavyo barua.
Usiku Jabez alimsomea. Asubuhi habari ikavuka nyuzi,
mdomo hadi mdomo, safu hadi safu:
nani kapigwa risasi, nani kala kodi,
mkate utapanda tena lini,
na msimamizi yuko katikati yao, mikono nyuma,
anaona wanawake wanatafuna hewa.

Mama yangu, Kasulu, alifuatwa na mtu wa suti.
"Weka dole gumba hapa, Mama. Ni ya mbolea."
Wino ulikuwa wa zambarau. Ulikaa kidoleni siku tatu.
Shamba lilikaa siku mbili.
Mtu yule alikuwa na kalamu mbili mfukoni,
nazikumbuka, zilimeta.
Hakutoa hata moja.

Ile maktaba ya Jumanne sasa ina kufuli.
Tangazo la mlangoni linatutaka tutoe maoni,
kwa njia ya mtandao tu.
Kompyuta zetu za mtandao zimo ndani.
Nimelisoma mara mbili, nikadhani nimekosea herufi.

Watoto wa shule walikuja leo,
kioo chote kimejaa vidole.
Nanyunyiza dawa, nafuta, nafuta.
Alama moja, ndogo, dole gumba kamili,
imetua juu ya muhuri sawasawa.
Hiyo kitambaa kimepita pembeni yake.

Doreen amesimama mlangoni na funguo.
Mashine inanguruma, simsikii,
namsoma midomo: Umemaliza?

Namjibu bila sauti:
Bado.