Nguzo ya Saa Tisa

Tabata, feni inalia kama ina deni.
Nikailisha programu soga za kundi letu,
miaka mitatu, tangu ule msiba wa Mzee Ngalawa.
Ikatema ukurasa: nani domo kaya,
nani huuliza asichosubiri kujibiwa,
nani hucheka peke yake.

Nikairekebisha. Nikaiambia
Chogo na Chogo Laini Mbili ni mtu mmoja,
hubishana na nafsi yake, kisha hujipongeza.
Roboti ya kudai michango nikaipiga marufuku.
Nikageuza na saa:
yake ilianza usiku wa manane,
yetu huanza jua likichomoza.

Grafu ikajipanga upya.
Mwisho kabisa, saa tisa usiku,
nguzo moja ndefu, jina moja: Mwanahawa.
Mistari mia nne na kumi.
Mpo?
Kuna aliye macho?
Umeme umekatika na kwenu?

Safu ya majibu: sifuri.

Ipo amri ya kuficha majina, neno moja tu kwenye faili.
Kidole kilifika, kikarudi.

Nimetega simu inililie saa nane na dakika hamsini.
Kesho nitaiendesha tena programu,
nione nguzo ile
ikiwa na rangi mbili.